Tone na Lebo Yake

Ukiweka tone la damu yenye malale chini ya hadubini, kimelea si kitu cha kwanza kuonekana. Kwanza inaonekana fujo. Chembe nyekundu zilizokuwa zimetulia zinaanza kutikisika upande mmoja wa uwanja wa kioo, zinasukumwa, zinaachana, zinarudiana. Mteknolojia wa maabara aliyeizoea kazi hii hakimbilii kusogeza kioo. Anaacha jicho palepale penye mtikisiko na kungoja. Ndipo kinapojitokeza kitu chembamba, karibu hakina rangi, kinachojipinda na kujinyoosha, na ubavuni kina utando unaopepea. Ni Trypanosoma brucei rhodesiense, kimelea cha malale ya upande wetu wa Afrika, kikiwa hai katika damu ya mtu ambaye muda mfupi uliopita alikuwa kwenye benchi la nje akilalamikia homa na kichwa.

Kazi hiyo hufanywa kwa ukuzaji wa mara 400, na hufanywa upesi, kwa sababu kimelea kikishakufa hakitikisi kitu tena na jicho linapoteza alama yake kubwa. Lakini upesi huo umejengwa juu ya uvumilivu. Tone la kwanza lisipoonyesha kitu, huchukuliwa la pili. Halafu tone nene linalotiwa rangi ya Giemsa. Halafu njia ya Woo, iliyoanza kujulikana mwishoni mwa miaka ya 1960: damu huvutwa kwenye mrija mwembamba wa kioo, mrija huzibwa upande mmoja, ukazungushwa kwa kasi kubwa kwenye mashine kwa dakika chache, na damu ikajigawa yenyewe. Chembe nyekundu hushuka chini, maji ya manjano hupanda juu, na katikati hubaki utando mweupe mwembamba sana. Vimelea hukusanyika hapo mpakani. Mrija hulazwa chini ya hadubini bila kuvunjwa, na jicho likatembea juu ya ule mstari, polepole, upande hadi upande.

Bado kuna maji ya uti wa mgongo, yanayopimwa ili kujua kama kimelea kimeshaingia kwenye ubongo. Hayo hayasubiri chai wala simu. Vimelea vilivyomo hufa ndani ya dakika chache baada ya kutolewa, kwa hiyo daktari anayechoma sindano na mteknolojia anayepokea kichupa hufanya kazi wakiwa karibu kama watu wa chumba kimoja. Zikihesabiwa chembe nyeupe zaidi ya 5 katika mikrolita moja, au kikionekana hata kimelea kimoja, mgonjwa yuko hatua ya pili, na kwa miaka mingi dawa yake ilikuwa nyingine.

Naisifu kazi hii, na zaidi naisifu ile inayoifuata, ambayo watu wachache huiona: kuitunza damu ile baada ya mgonjwa kupata majibu yake. Kuihifadhi kwa namna ambayo mtu mwingine, mahali pengine, baada ya miaka 20, ataweza kuiuliza swali ambalo leo hakuna anayelijua. Hiyo ndiyo kazi ya benki ya sampuli. Na ninavyoiona, imani ya watu kwa benki kama hizo haitoki kwenye matangazo wala hotuba. Hutengenezwa na mikono ileile inayoandika lebo, na hupotea pale lebo inapoandikwa ovyo.

Tabora na njia zake ni mahali pazuri pa kuisimulia habari hii, maana hapa ndorobo, mdudu anayeeneza malale, aliamua mambo mengi kabla ya daktari kufika. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipoingia Kaze, Tabora ya sasa, Novemba 1857, walikuta mji wa biashara uliolishwa na mabega ya watu. Pembe za ndovu zilishuka Bagamoyo, vitambaa na shanga zikapanda hadi Ujiji, watumwa wakapitishwa humohumo, na karibu kila mzigo ulibebwa na binadamu, wengi wao wapagazi wa Kinyamwezi. Sababu mojawapo ni kwamba mnyama wa mizigo hakudumu. Punda na ng'ombe waliopitishwa kwenye pori la ndorobo walikufa kwa nagana, ugonjwa ndugu wa malale. Njia ile ya misafara, ukiitazama kwa jicho la mtu wa maabara, ni mstari uliochorwa kati ya mapori ya ndorobo, na gharama yake ikatwishwa mabegani mwa watu.

Mapori hayo bado yapo. Ukitoka Tabora kwa reli kuelekea Kigoma, unapita Urambo, mji wa mtemi Mirambo, kisha Kaliua, na kusini kwako unaacha miombo inayoteremka mpaka mto Ugalla, eneo ambalo tangu 2019 ni hifadhi ya taifa. Asali inayoifanya Tabora ijulikane nchi nzima hutoka humo. Mrina asali hutundika mizinga yake ya magome mbali na makazi, hukaa kambini siku nyingi, na ndorobo humuuma mchana kweupe akiwa kazini. Pongo, ngiri na wanyama wengine hubeba kimelea bila kuumwa, kwa hiyo pori linaweza kukitunza hata pasipokuwa na mtu hata mmoja. Anayeingia kutafuta asali, samaki au mbao ndiye hukutana nacho. Kwa malale ya aina hii, mwili hauna muda mrefu: bila tiba, kifo huja ndani ya miezi.

Watu wa huku walikutana na tiba iliyokuja na amri. Kuanzia miaka ya 1920, Idara ya Afya ya Tanganyika, huku daktari George Maclean akiwa msimamizi mkuu wa mambo ya malale, iliwahamisha watu wa magharibi kutoka kwenye miji yao iliyotawanyika na kuwakusanya kwenye makazi makubwa ili msitu uwe mbali na milango. Kwa hesabu za kitabibu mpango ule ulikuwa na mantiki. Kwa mtu aliyeacha mashamba yake na makaburi ya wazee wake, ulikuwa uhamisho. Mwenye kutaka kujua kwa nini mzee wa Urambo huuliza maswali mengi kabla ya kunyoosha mkono atolewe damu, aanzie hapo.

Kaskazini mwa Tabora, ukishapita Nzega kuelekea Shinyanga, kuna Tinde. Madereva wanaijua kwa njia panda ya Kahama. Katika historia ya malale duniani, Tinde ni jina kubwa, ingawa wengi wanaopita hapo kila siku hawajawahi kuambiwa. Mwaka 1934 maabara ya hapo ilianza jaribio ambalo kwa uvumilivu wake sijui la kulilinganisha nalo. Swali lilikuwa rahisi kulitamka: kimelea cha rhodesiense kikiishi muda mrefu ndani ya wanyama, je, hupoteza uwezo wa kumwambukiza mtu? Ikiwa hupoteza, basi pori litajisafisha lenyewe. Ikiwa hakipotezi, kila swala aliyebeba kimelea ni hatari ya kudumu.

Kulijibu kulihitaji kukitunza kizazi kimoja cha kimelea, kilichotoka kwa mgonjwa, bila kukatika kwa miaka. Hakukuwa na friza ya kufanya kazi hiyo. Benki ya sampuli ya Tinde ilikuwa na miguu: kondoo, swala, na ndorobo waliofugwa kwenye vizimba. Ndorobo msafi alilishwa kwa mnyama mwenye kimelea, kisha ikasubiriwa zaidi ya wiki mbili mpaka kimelea kisafiri kutoka tumboni hadi kwenye tezi za mate. Ndorobo wengi hawakuambukizwa kabisa. Waliofanikiwa walikuwa wachache, na ilibidi watambuliwe mmoja mmoja. Hao ndio waliolishwa kwa mnyama msafi, na mzunguko ukaanza upya. Mnyama akifa mapema, au ndorobo wakifa kwa joto, kizazi kizima kilikuwa hatarini. J. F. Corson alifanya kazi Tinde miaka ya 1930, H. Fairbairn akaiendeleza, na mwaka 1955 Fairbairn na K. C. Willett wakachapisha taarifa ya miaka 18 ya mzunguko huo. Mwaka 1959 M. T. Ashcroft alichapisha mwendelezo wake, na hesabu ikavuka miaka 20. Jibu likawa wazi: kimelea hakikusahau njia ya kumwingia mtu.

Lilijulikanaje? Kwa sababu kila baada ya muda, ndorobo wenye kimelea waliwekwa kwenye ngozi ya watu waliojitolea. Walioambukizwa walitibiwa. Makala za wakati ule humfuatilia mdudu kwa uangalifu mkubwa, hatua kwa hatua, lakini watu walioupa mwili wao kwa swali hilo hawakutajwa kwa majina. Azimio la Helsinki kuhusu utafiti kwa binadamu lilikuja 1964, Tinde ikiwa imeshamaliza. Naiheshimu kazi ya Tinde na nina uchungu nayo kwa wakati mmoja, na siwezi kuchagua kimoja. Mkono uliolea ndorobo kwa miaka yote ile ulikuwa mkono wa fundi. Lakini rejista iliyohesabu kila ndorobo ingeweza pia kumpa kila mtu nafasi yake, akaulizwa kwa lugha yake na kujibu kwa hiari yake, na jibu lake likahifadhiwa pamoja na matokeo.

Hadi mwaka 1958 bado mambo yalikuwa hivyo. Heisch, McMahon na Manson-Bahr walipokipata kimelea cha malale katika damu ya pongo huko Nyanza, Kenya, uthibitisho kwamba ni kilekile kinachoambukiza watu ulitolewa na mwili wa mtu aliyejitolea. Kilichobadilisha hali ni mambo mawili yaliyokutana. Moja ni kipimo kilichoelezwa na Rickman na Robson mwaka 1970: vimelea huchanganywa na damu ya binadamu kwenye kichupa, huachwa kwa joto la mwili, kisha hudungwa panya. Vikiwa bado na uwezo wa kumwambukiza panya, basi damu ya mtu haiviui, na jibu limepatikana bila kumchoma mtu ugonjwa. Jingine ni barafu.

Barafu kwa kawaida huua. Maji ndani ya chembe yakiganda hutengeneza fuwele zenye ncha, na fuwele hupasua utando. Mwaka 1949, Polge, Smith na Parkes huko Uingereza waligundua kwamba mbegu za jogoo zikichanganywa na gliseroli kabla ya kugandishwa hubaki hai. Mfugaji yeyote wa Tanzania aliyewahi kumwona mtaalamu wa uhimilishaji akifungua mtungi wa naitrojeni, ule unaotoa moshi mweupe, na kuchomoa mrija wa mbegu za dume, ameuona ugunduzi huo kazini. Mwaka 1957 Polge na Soltys wakaonyesha kwamba hata vimelea vya malale vinaweza kulala hivyo na kuamka.

Mwaka huohuo W. H. R. Lumsden alishika uongozi wa shirika la utafiti wa malale la Afrika Mashariki, EATRO, pale Tororo, Uganda, na katika miaka iliyofuata kugandisha kukageuka kuwa nidhamu kamili. Wazo lake naliona zuri kwa urahisi wake. Vimelea vya siku moja, kutoka kwa mnyama mmoja, hugawanywa kwenye mirija mingi midogo na kugandishwa vyote kwa pamoja. Atakayeyeyusha mrija mmoja baada ya miaka mitano na atakayeyeyusha mwingine baada ya miaka 40 watakutana na kundi lilelile la siku ile. Kwenye mzunguko wa Tinde, kila mnyama na kila ndorobo alikuwa na nafasi ya kukibadilisha kimelea. Ndani ya naitrojeni kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, hakuna kinachosogea.

Ila mrija uliogandishwa bila maneno ni takataka baridi. Ndiyo maana nimejifunza kuzipenda lebo. Tazama hii: GPAL/KE/70/EATRO 1534. Herufi za kwanza zinasema sampuli ilitoka kwa ndorobo wa aina ya Glossina pallidipes. KE ni Kenya. 70 ni mwaka 1970. Kisha namba ya rejista ya Tororo. Ndorobo yule alikamatwa Kiboko, kando ya barabara ya Mombasa. Vimelea vyake vilipelekwa mbali, vikapewa namba nyingine, TREU 927, na vizazi vyake ndivyo wanasayansi walivyovichagua waliposoma kwa mara ya kwanza vinasaba vyote vya Trypanosoma brucei, kazi iliyochapishwa kwenye jarida la Science mwaka 2005. Watafiti wengi duniani wanaotafuta dawa ya malale huanza kwa ndorobo mmoja wa Kiboko, na wanajua alitoka wapi kwa sababu mtu fulani, miaka 35 kabla, hakuona uvivu kuandika mstari mzima.

Uandishi huo una taratibu zake, na zina sababu. Lebo hubandikwa kichupa kikiwa kikavu na chenye joto la kawaida, maana gundi haishiki kwenye umande wala barafu. Huandikwa kabla damu haijamiminwa. Anayemimina kwanza na kuandika baadaye siku moja atasimama mbele ya vichupa viwili vinavyofanana. Kalamu ni ile ambayo spiriti haiifuti. Gliseroli huongezwa tone kwa tone, kiasi cha sehemu moja kwa kumi, na kichupa huinamishwa taratibu huku na huku, hakitikiswi, kwa sababu mtikiso unavunja kile kinachotunzwa. Kupoza nako hakuna pupa: kiasi cha nyuzi moja kwa dakika mpaka kufika 80 chini ya sifuri, ndipo kichupa kihamie kwenye naitrojeni. Maji ya damu yasiyohitaji kubeba kimelea hai yana masharti yake. Hugawanywa kwenye vichupa vidogo vidogo tangu mwanzo, ili anayehitaji kidogo asilazimike kuyeyusha kingi, maana kila kuyeyusha na kugandisha tena huharibu kinga zilizomo.

Kisha inakuja rejista. Mtungi namba fulani, kisanduku fulani, safu, nafasi. Tarehe, saa ya kutolewa, saa ya kugandishwa, jina la aliyefanya na la aliyekagua. Na naitrojeni haifungiwi ikasahauliwa. Inapungua yenyewe kila siku, kwa hiyo mtu hupita kwa ratiba na fimbo ya kupimia, huitumbukiza hadi chini, huitoa na kuipunga hewani, na mstari wa theluji unaojitokeza juu ya fimbo humwambia kimebaki kina gani. Anaandika. Wiki akiacha kupita, au mwenye gari la naitrojeni akikwama njiani masika, kazi ya miaka 30 inaweza kwisha kimya kimya bila kengele yoyote.

Msafara wa zamani uliendeshwa kwa namna hiyo. Mzigo wa kitambaa ulifungwa Bagamoyo, ukawekwa alama, ukapewa mbeba mizigo anayejulikana kwa jina, na kiongozi alihesabu kila jioni ili mwenye mali, asiyekuwepo njiani, akute Tabora kile alichokifunga pwani. Mwenye mali kwenye benki ya sampuli ni mgonjwa, na yeye pia hayupo njiani.

Hapo ndipo imani inapoingia, na hapo wengi hukosea. Katika Afrika Mashariki nzima, mtu anayetembea na sindano na vichupa hutanguliwa na habari za mumiani. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alizichukua habari hizo za wanyonya damu kama ushahidi wa jinsi watu walivyouona ukoloni, badala ya kuzicheka. Mimi pia sioni ujinga ndani yake. Ukizivua nguo za kutisha, hubaki maswali ya mtu mwenye akili timamu. Damu yangu inakwenda wapi? Nani ataifaidi? Itauzwa? Mbona hamrudi kutuambia? Mtafiti asiyekuwa na majibu ya maswali hayo hana haki ya kulalamika kwamba wanakijiji wana imani potofu.

Mtu anayejua kazi hujibu kabla ya kuulizwa, na hujibu kwa kuketi. Mbele yake kuna mzee aliyelazwa. "Baba, tulichochukua jana kilikuwa cha kukutibu, na majibu yake unayo. Leo naomba kingine, kidogo, cha kuweka." Mzee anauliza kitakaa wapi. Anaambiwa mji, jengo, na nani anashika funguo. Anauliza mpaka lini, na hapa mwenye kuomba hana budi kusema ukweli: huenda miaka mingi, na kwa tafiti ambazo bado hazijabuniwa, ila kila moja itapita kwanza kwenye kamati ya maadili. "Na nikikataa, mwanangu?" Akikataa, dawa yake na kitanda chake viko palepale. "Na nikikubali halafu nikabadili mawazo?" Kilichobaki kitaharibiwa, kilichokwisha kutumika hakiwezi kurudishwa, na hilo nalo linasemwa waziwazi. Ndipo dole gumba linawekwa kwenye wino, shahidi anatia sahihi, na namba inachukua nafasi ya jina. Karatasi inayounganisha namba na jina hufungiwa kabati jingine, mbali na mtungi. Mazungumzo hayo huchukua muda mrefu kuliko kutoa damu, na kama hayachukui muda huo, yamefanywa vibaya.

Kaliua inajua kazi ya namna hii. Kati ya 2006 na 2009, kituo cha afya cha Kaliua pamoja na hospitali ya Lwala nchini Uganda vilikuwa vituo vya utafiti wa melarsoprol, dawa yenye arseniki ambayo kwa miongo mingi ilikuwa tumaini pekee la mgonjwa wa malale ya rhodesiense hatua ya pili. Dawa hiyo huunguza mishipa, na yenyewe huua baadhi ya wanaotibiwa nayo. Ratiba za zamani zilimlaza mgonjwa wiki nyingi kwa mizunguko ya sindano yenye mapumziko katikati. Utafiti ule, ulioongozwa kutoka Basel, Uswisi, na kushirikisha wataalamu wa hapa na wa Uganda, ulionyesha kwamba sindano za siku 10 mfululizo zinatosha, na muda wa kulazwa ukashuka kutoka wastani wa siku 29 hadi 13. Kwa familia ya mkulima wa tumbaku, tofauti hiyo ni msimu kuokoka au kupotea. Mwaka 2010 Lucas Matemba na wenzake walichapisha hesabu ya mzigo wa malale wilayani Urambo, na kazi kama hiyo huonyesha kile ambacho idadi ya wagonjwa peke yake haisemi.

Kituo cha Tabora cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya 1979, ndicho kimebeba kazi ya utafiti wa malale katika eneo hili. Kwa taratibu za nchi, sampuli ya binadamu haitoki nje bila kibali na mkataba wa kuhamisha sampuli unaoeleza itatumika kwa nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeongeza kufuli jingine kwenye ile karatasi ya majina. Chama cha Madaktari Duniani nacho, kwa Azimio la Taipei la 2016, kiliandika kanuni za benki za sampuli zenyewe. Haya ni mambo ya ofisini, lakini ni sehemu ya ufundi uleule. Mkataba ulioandikwa kwa uzembe unamwaga damu sawasawa na kichupa kilichopasuka.

Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2009 benki ya sampuli za malale, ikawekwa Institut Pasteur, Paris: damu, maji ya uti wa mgongo, mate na mkojo wa wagonjwa na wa watu wasio wagonjwa kutoka nchi kadhaa za Afrika. Anayebuni kipimo kipya huomba, na kamati huamua. Naelewa kwa nini Paris: umeme haukatiki na naitrojeni haikosekani. Lakini naona fahari zaidi kwa kilichofuata. Mtandao wa TrypanoGEN, ulioongozwa na Enock Matovu wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulikusanya sampuli kutoka Uganda, Malawi, Zambia, Kongo na nchi za magharibi mwa Afrika ili kujua kwa nini mtu mmoja huugua sana na mwingine hubeba kimelea kimya kimya. Makerere yenyewe ina benki kubwa ya sampuli iliyojengwa chini ya H3Africa, mpango wa utafiti wa vinasaba na afya barani Afrika. Kutoka Tabora hadi Kampala mtu anaweza kwenda, akabisha hodi na kuuliza. Huko nako ni kulinda imani, na ningependa safari iwe fupi zaidi ya hapo.

Haya yote yanabana sasa kwa sababu njema. Malale yanakwisha. Tangu 2018 wagonjwa wanaoripotiwa duniani kwa mwaka wako chini ya 1,000, aina zote mbili kwa pamoja. Fexinidazole, vidonge vya kumeza vilivyojaribiwa kwa malale ya rhodesiense nchini Malawi na Uganda, viliingia kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani mwaka 2024 kama dawa ya kwanza kwa wagonjwa wengi, na arseniki inaondoka. Lakini kipimo cha haraka kwa malale yetu, cha kutoboa kidole na kusoma mistari kama cha malaria, bado hakipo. Kile kilichopo ni cha aina ya magharibi, gambiense. Atakayetengeneza cha malale yetu lazima akijaribu kwenye damu ya wagonjwa halisi, na wagonjwa wamekuwa wachache kiasi kwamba vichupa vilivyogandishwa zamani vinazidi kupata thamani kila mwaka. Macho nayo yanapungua. Kijana anayehitimu leo anaweza kufanya kazi miaka mingi Sikonge au Urambo asione kimelea hata kimoja, kisha akaja mrina asali mmoja ambaye maisha yake yanategemea kijana huyo kukitambua. Vimelea vilivyolala kwenye naitrojeni vinaweza kuamshwa ndani ya panya na kuwekwa mbele ya vijana hao wakiwa bado mafunzoni, na hayo ni matumizi ya benki ambayo ningeyatetea kwenye bajeti kabla ya mengi mengine.

Kuna deni moja lisilohitaji naitrojeni. Watu wa Kaliua waliolala wodini miaka ile, na waliobaki nyumbani wakiwasubiri, wanastahili kuambiwa kilichotokea: kwamba siku 10 zilitosha, kwamba baada yao vimekuja vidonge, kwamba damu ikiombwa tena kuna sheria inayolinda majina yao. Karatasi moja, kwa Kiswahili cha kawaida, ikisomwa kwenye mkutano wa kijiji na kubandikwa ofisi ya mtendaji, yenye jina la kituo na namba ya mtu wa kupigiwa mwenye swali.